Nani Anayetutazama? Maoni ya Mpenda Sinema

Mara kwa mara huulizwa ni kwa sababu gani mtu wa umri wangu, mwenye wajukuu, bado anatoka nyumbani usiku kwenda kutazama picha. Jibu langu ni kwamba maradhi haya niliyapata utotoni, na dawa yake haijapatikana hadi leo. Sisi tuliolelewa katika Mji wa Unguja tunayakumbuka vyema majumba matatu ya sinema: Majestic pale Vuga, lililojengwa baada ya Royal kuteketea kwa moto mwaka 1954, Empire, na Sultana, ambalo baadaye likajulikana kwa jina la Cine Afrique. Jumapili ikiwa na picha mpya ya Kihindi, tiketi zilikwisha mapema na wajanja wakaziuza mlangoni kwa bei ya kuruka. Mama zetu nao walikuwa na maonyesho yao ya mchana, wanawake peke yao, wakalia pamoja na Nargis katika Mother India mpaka kanga zikalowa.

Nilitazama picha nyingi mno katika majumba hayo. Niliona za Kihindi, za Kimisri, za Kitaliana na za Kimarekani, na nyingine nilizirudia mara tano hata nikajua neno lipi linafuata. Hata hivyo, katika picha zote hizo sikumbuki hata moja ambayo steringi wake alizungumza kama jirani yangu, akaingia katika ua kama ua wetu, au akamwamkia mama mtu mzima kama tulivyofunzwa kuamkia sisi. Tulijifunza kuwapenda watu wa mbali na kuwalilia. Wenyewe hatukuwa na mahali katika pazia lile jeupe. Kwa wakati ule sikuliona jambo hilo kuwa ni upungufu, kwani mtu hawezi kukitamani kitu ambacho hajui kuwa kinawezekana.

Ndiyo maana picha chache zilizotoka tangu mwaka 2021 zimenikalia moyoni kwa namna ambayo za zamani hazikunikalia. Naomba ruhusa ya wasomaji niseme maoni yangu juu yake. Mimi si mtaalamu wa fani hii. Ni mtu tu aliyetumia miaka mingi ya maisha yake kukaa gizani akitazama mbele.

Nianze na ya nyumbani. Vuta N'kuvute imeongozwa na Amil Shivji, na chanzo chake ni riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo hilo, iliyochapishwa mwaka 1999 na ambayo vijana wetu wengi wameisoma skuli. Picha hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, huko Canada, mwezi wa Septemba 2021. Ikateuliwa kuiwakilisha Tanzania katika mashindano ya Oscar, heshima ambayo nchi yetu haikuwa imeitafuta tangu Maangamizi ya mwaka 2001. Mwaka 2022 ikatwaa Tanit ya Dhahabu, ambayo ni tuzo kubwa ya tamasha la Carthage nchini Tunisia. Nayataja haya mapema ili nisidhaniwe kuwa nakosoa kazi ndogo.

Kisa chenyewe kinajulikana. Ni Unguja ya miaka ya hamsini, chini ya Mwingereza. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa mume aliyempita mno kwa umri. Anakimbia, anapokewa na Mwajuma, na katika maisha hayo mapya anakutana na Denge, kijana aliyejitoa kupambana na ukoloni na ambaye polisi hawampi usingizi. Yasmin amechezwa na Ikhlas Gafur Vora, Denge na Gudrun Columbus Mwanyika, na Mwajuma na Siti Amina, ambaye wapenzi wa taarab hawahitaji kujulishwa yeye ni nani.

Kilichonifurahisha kwanza ni utulivu wa mpiga picha. Wageni wanaokuja kupiga picha Unguja huwa na haraka ya kuonyesha mlango wa njumu, jahazi na jua linalozama, kana kwamba wanauza kadi za posta. Hapa mwongozaji ameingia ndani ya nyumba akakaa. Mwanga unaingia dirishani na kumwangukia mtu aliyekaa bila ya kufanya lolote kubwa, na tunaachiwa muda wa kumtazama. Maisha ya visiwani, khasa maisha ya wanawake wa zama zile, yalipita sana ndani ya kuta, na picha ambayo haina subira ya kukaa ndani haiwezi kuyaona.

La pili ni Mwajuma. Tangazo la picha linatuahidi mapenzi ya Yasmin na Denge, na mapenzi hayo yamo. Lakini kwa maoni yangu roho ya mchezo huu ni urafiki wa wanawake wawili ambao serikali ya kikoloni, dini, rangi na mtaa viliwapangia wasijuane. Mwajuma anafungua mlango wake, na hataki kujua mgeni huyu ni wa kabila gani kabla ya kumpa mahali pa kulala. Siti Amina hachezi kwa nguvu. Anatazama, anacheka kidogo, anaimba, na mtu unaamini kwamba nyumba ile ni yake kweli na kwamba amekwisha kuwapokea wengine kabla ya huyu.

Yaliyopungua nayo yapo. Riwaya ya Adam Shafi ni pana. Inavuka bahari mpaka Mombasa, ina watu wengi, na ina kicheko: watu wake wanataniana, wanasutana, wanakunywa, wanadanganyana. Kitabu kama hicho hakiingii chote katika muda wa saa moja na nusu, na hapana wa kumlaumu mwongozaji kwa kuchagua. Lakini katika kuchagua huko, kicheko ndicho kilichoumia. Picha ni nzuri na ina huzuni, na mara nyingine huzuni yake inakuwa nzito kuliko watu waliomo. Waunguja wa miaka ya hamsini walionewa, ni kweli, ila walicheka pia, na kicheko kile kilikuwa sehemu ya ukaidi wao.

Denge naye ameachwa nusu. Twamwona akijificha, akikamatwa, akipenda. Hatumsikii vya kutosha akieleza ni kitu gani kilichomfanya kijana msomi aache kazi ya mshahara na kuchagua jela. Mtazamaji aliyesoma kitabu atajaza mwenyewe. Kijana aliyezaliwa juzi, ambaye picha hii ndiyo itakuwa darasa lake la kwanza juu ya ukoloni hapa petu, atatoka akijua kwamba Denge alikuwa shujaa bila ya kuelewa vizuri alikuwa akidai nini. Na masikio ya Mji wa Unguja yatasikia hapa na pale lafudhi iliyovuka maji. Hilo ni dogo, lakini sisi ni watu wa masikio makali.

Nilikwenda kuiona na jirani yangu, bi mkubwa aliyekwisha kuvuka themanini, ambaye kwa muda mrefu hakuwa ametoka usiku ila kwa msiba au arusi. Ilionyeshwa uwanjani, viti vya plastiki, upepo wa bahari ukilitikisa pazia. Nilikhofu kuwa atasinzia. Hakusinzia. Kisa hakikumshughulisha sana mwanzoni. Alikuwa akitazama vitu. Kila mara alinigusa mkono: kitanda kile, taa ile, namna ya kujitanda ile. Taarab ilipoanza akawa anatikisa kichwa polepole, macho ameyafumba, na nikafikiri sasa usingizi umemchukua, kumbe anasikiliza.

Tulipokuwa tukirudi alisimama njiani akaniambia, "Mwanangu, huyo Yasmin mimi namjua."

Nikamwambia, "Bi mkubwa, hicho ni kisa cha kutunga. Kimo kitabuni."

"Namjua. Hakuwa akiitwa Yasmin."

Kisha, huku tumesimama chini ya taa ya barabarani, akanihadithia habari ya msichana wa mtaa wao ambaye usiku mmoja alibisha mlango wa mama yake, viatu mkononi ili visilie. Mama hakuuliza neno. Alimpa buibui lake na kumlaza pamoja na watoto wake. Msichana alikaa siku tatu, akaondoka alfajiri kwa jahazi, na jina lake halikutajwa tena mtaani, si na Wahindi wala na Waswahili. Nimeishi jirani na bibi huyu kwa miaka arobaini. Habari hiyo sikuwahi kuisikia. Wala wanawe hawakuwahi kuisikia, kwani niliwauliza.

Baada ya usiku ule nimekuwa nikifikiri sana juu ya swali la nani anayetutazama, na kutoka wapi. Kuna picha nyingine inayotuhusu, ambayo kuikumbuka hakufurahishi. Mwaka 1966 Wataliana wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, walitoa sinema waliyoiita Africa Addio. Ndani yake mna picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Unguja, Januari 1964. Sinema hiyo ilizunguka dunia nzima, na watu wengi wenye busara waliilaani kwa dharau yake kwa Mwafrika. Hata hivyo, kwa mamilioni ya watu wa nje hiyo ndiyo Zanzibar ya kwanza waliyoiona katika maisha yao. Waliiona kwa macho ya mtu aliyepita juu. Kutoka juu, mtu ni doa. Hana jina, hana mama, hana sababu ya kukimbia wala ya kukimbiza. Sisemi kwamba yaliyopigwa hayakutokea. Nasema kwamba aliyeyapiga hakumjua hata mmoja katika aliowapiga, na maneno aliyoyaweka juu ya picha zile yalikuwa yake peke yake. Picha iliyopigwa kutoka uani, kama Vuta N'kuvute, ina makosa yake, lakini ni makosa ya mtu aliyebisha hodi.

Kipimo hicho cha uani na angani ndicho nilichokitumia kwa picha nyingine mbili, ambazo hazikutengenezwa kwetu ila zimetoka kwa majirani zetu.

Ya kwanza ni ya Msomali, Khadar Ayderus Ahmed, aliyehamia Finland akiwa kijana. Ilitoka mwaka 2021 na jina lake kwa lugha yetu ni Mke wa Mchimba Kaburi. Imepigwa Djibouti, watu wake wanasema Kisomali, na mwaka huo huo ilipata Farasi wa Dhahabu wa Yennenga katika tamasha la FESPACO, Ouagadougou. Inaanza na wanaume waliobeba sepetu nje ya hospitali, wanangoja. Gari la wagonjwa likifika wanalikimbilia. Hawa ni wachimba makaburi, na wanagombea kazi.

Mtu wa Visiwani akiona hivyo hushituka kidogo, kwani kwetu kaburi huchimbwa na vijana wa mtaa kwa kutaka thawabu, na anayeomba malipo atatazamwa kwa jicho baya. Lakini mwongozaji hatuachi tukamcheka Guled. Baada ya dakika chache tumo nyumbani mwake, na mkewe Nasra ni mgonjwa wa figo, na gharama ya kumpasua ni dola 5,000. Mtu anayepata riziki yake kwa vifo vya wengine sasa anapigana ili kifo kisiingie kwake. Anafunga safari kwenda kijijini kwao, ambako yeye na Nasra walitoroka zamani ili waoane kwa hiari yao, akaombe mbuzi wake kwa watu aliowaudhi.

Ningependa wahusika wa afya waitazame picha hii, si kwa kushutumiwa, bali kwa sababu inasema jambo ambalo ripoti haziwezi kulisema. Inaonyesha namna bei ya matibabu inavyoingia ndani ya nyumba na kukaa kitako kati ya mume na mke. Ni nani Unguja au Pemba asiyemjua mtu aliyeuza ng'ombe, au mikarafuu ya urithi, ili mgonjwa wake avushwe Dar es Salaam? Na ni nani asiyejua ugumu wa kurudi kwa ndugu uliowakosea, mkono umeunyoosha? Guled na Nasra hawalii wakati wote. Wanataniana kama watu waliooana kwa mapenzi na ambao mapenzi hayo hayajaisha. Kuna mahali wanaingia katika arusi ya watu wasiowajua, wakala na kucheza, na kwa dakika hizo chache maradhi yamesahauliwa. Kwangu, hiyo ndiyo sehemu bora ya mchezo wote.

Nina manung'uniko mawili. Yasmin Warsame, aliyecheza Nasra, alikuwa mwanamitindo mashuhuri kabla ya kuwa mchezaji, na ugonjwa umeshindwa kabisa kumwondolea uzuri. Wagonjwa wa figo niliowaona mimi hawakuwa hivyo. Pili, safari ya jangwani imepigwa kwa uzuri mwingi mno. Mtu anapokufa kwa kiu, mtazamaji asipewe nafasi ya kuyasifu mawe.

Picha nyingine ni Goodbye Julia, yaani Kwaheri Julia, ya Mohamed Kordofani wa Sudan. Hii sikuilala. Ilionyeshwa Cannes, Ufaransa, Mei 2023, ikiwa ndiyo ya kwanza kutoka Sudan kuingia katika uteuzi rasmi wa tamasha lile, ikapata Tuzo ya Uhuru katika kundi lake. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 15 Aprili 2023, vita vilikuwa vimeanza Khartoum. Kwa hiyo watu waliokuwa wakipiga makofi kule Cannes walikuwa wakitazama barabara na nyumba za mji ambao wakati ule ule ulikuwa ukipigwa mizinga.

Kisa kinaanzia mwaka 2005, kilipotangazwa kifo cha John Garang na ghasia zikazuka mjini. Mona, mwanamke wa kaskazini mwenye nafasi yake, alikuwa mwimbaji. Mumewe Akram akamkataza kuimba, naye akajizoesha kumdanganya katika mambo madogo madogo. Siku moja, akiendesha gari kwa khofu, anamgonga mtoto wa watu wa kusini na kukimbia. Baba wa mtoto anamfuata mpaka nyumbani. Akram, asiyejua mkewe amefanya nini, anadhani ni mvamizi, anachukua bunduki na kumwua. Mambo yanafunikwa. Kisha Mona anamtafuta mjane wa marehemu, Julia, na anamwajiri awe mtumishi wa nyumba, yeye na mwanawe. Anamsaidia, anamlipa, anamsomeshea mtoto, anampenda hata. Hamwambii. Miaka inapita, na mwaka 2011 watu wa kusini wanapiga kura ya kujitenga.

Mtengenezaji angeweza kufanya hadithi ya wabaya na wema. Hakufanya. Akram ni seremala mwenye bidii, mume anayempenda mkewe, mtu wa sala; na maneno anayoyasema juu ya watu wa kusini anayasema kwa utulivu wa mtu anayetaja hali ya hewa. Hilo ndilo linalotisha. Mona ni mwema na mwongo kwa wakati mmoja, na wema wake unaulisha uongo wake. Eiman Yousif anamcheza kwa uso ambao kila mara unakaribia kusema. Siran Riak, aliyecheza Julia, ana maneno machache zaidi, na mnapofika mwisho mtagundua kwamba alikuwa akijua mengi kuliko tulivyomdhania.

Nilipomaliza kuitazama nilikumbuka kikombe cha bati. Katika nyumba moja niliyokuwa nikiingia utotoni, nyumba ya watu wakarimu sana ambao hawakupata kumnyima mtu chakula, palikuwa na kikombe cha bati kilichotundikwa msumarini karibu na mlango wa jikoni. Kilikuwa cha mtumishi. Hakuna aliyekitumia mwingine, na hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Nilikuwa nimekisahau kikombe kile kwa zaidi ya miaka hamsini mpaka Mwarabu wa Khartoum aliponikumbusha. Sisi wa visiwa hivi tunapenda kusema kwamba tumechanganyika, na ni kweli tumechanganyika. Lakini kuna vikombe.

Juu ya Binti, ya Seko Shamte, iliyotoka mwaka 2021, sina mengi. Ni maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam, kila mmoja na mtihani wake: mmoja madeni yanamkaba, mwingine mchumba wake ana ngumi. Imetengenezwa kwa usafi na imechezwa vizuri, na ni jambo la kujivunia kwamba imeweza kutazamwa duniani kupitia Netflix. Ila visa vinne katika muda mmoja vinabanana, na kila nilipoanza kumzoea mtu niliondolewa na kupelekwa kwa mwingine. Wanawake walio pamoja nami walinikatalia. Walisema mwanamume hahitaji muda mrefu kuonyeshwa mambo hayo, anahitaji kuonyeshwa tu. Huenda wanasema kweli.

Sasa nigeukie upande wa wakubwa wetu, kwani najua safu hii hupita pia juu ya meza zao.

Serikali ina mkono katika sinema, ipende isipende. Anayetaka kupiga picha hapa huomba kibali, na picha inayoonyeshwa hadharani hupita katika sensa. Mazungumzo yetu juu ya kibali na sensa mara nyingi huwa juu ya kile kisichofaa kuonekana. Ningeomba tuzungumze pia juu ya kile kinachofaa kubaki. Pawe na sharti moja jepesi katika kila kibali cha kupiga filamu ndefu Unguja na Pemba: kazi ikimalizika, nakala moja kamili iletwe kuhifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, pamoja na barua na magazeti ya zamani yaliyotunzwa pale. Nakala hiyo isiwe ya kufungiwa kabatini; mwanafunzi au mtu yeyote akitaka kuitazama, aitazame. Sharti la pili ni kwamba picha hiyo ionyeshwe kwa wananchi mara moja Unguja na mara moja Pemba, bila ya kiingilio, si kwa wageni waalikwa peke yao. Mtengenezaji aliyetumia nyumba zetu, nyuso zetu na nyimbo zetu hataona hilo kuwa ni mzigo. Wengi watashukuru kuombwa.

Nasema Pemba kwa makusudi. Tangu mwaka 1998 tumekuwa na tamasha la filamu linalokusanya watu wa nchi nyingi Mji Mkongwe, na ni neema. Lakini mtu wa Micheweni hawezi kupanda boti ili akaone sinema ya jioni moja. Wazee wa mashamba wanalikumbuka gari la sinema lililokuwa likija na mashine yake na pazia lake, watoto wakilikimbilia toka mbali. Siku hizi mashine ya kuonyeshea hubebwa begani na mtu mmoja, na kitambaa cheupe kipo kila nyumba.

Na jambo la lugha. Nilipomwonyesha bi mkubwa picha ya yule mchimba kaburi, tulikaa ukumbini kwake na kompyuta ya mjukuu. Maneno ni ya Kisomali, tafsiri iliyoandikwa chini ni ya Kiingereza, naye Kiingereza hakijui. Basi nikawa mkalimani, namnong'oneza mwanzo mpaka mwisho, na sauti ikanikauka. Katika vibanda vya mitaani wapo vijana wanaofanya kazi hiyo kwa ustadi mkubwa kuliko wangu. Wanatafsiri picha za Kichina na za Kimarekani kwa mdomo, na watu hulipa kuwasikia wao kama wanavyolipa kuiona picha. Aghalabu tunawatazama kama wahuni. Kwa nini wasiitwe, wakalipwa kihalali, kwa makubaliano na wenye picha, wakatutilia Kiswahili katika picha za Djibouti na Sudan? Nchi hizo ni jirani zetu wa bahari na wa pepo, na tunazijua habari zake kwa kupitia London.

Adam Shafi aliandika pia Kuli, iliyotoka mwaka 1979, juu ya wachukuzi wa bandarini na mgomo wa mwaka 1948. Ningependa kuiona ikipigwa picha kabla macho yangu hayajaniacha, na safari hii kicheko kisisahauliwe. Bandari ipo. Waimbaji wapo. Wachache walioyaona mambo yale kwa macho yao bado wapo, lakini hao hawatangoja.

Bi mkubwa aliikubali picha ya mchimba kaburi, akamwombea dua Nasra kana kwamba ni mtu wa mtaani. Ila moyo wake umebaki kwenye ile ya kwanza. Juzi alimtuma mjukuu wake kuniuliza kama picha ya Yasmin itaonyeshwa tena, na lini. Dada yake anashuka kutoka Wete Ijumaa, na dada yake naye alikuwamo mle ndani usiku ule mlango ulipobishwa. Yeye ndiye aliyeombwa asogee kitandani ili mgeni apate pa kulala.